Mwavuli wa Mgawa Maji

Mgawa maji hulima mkiani.

Niliyasema maneno haya jana kwenye kikao cha skimu yetu ya umwagiliaji, mkanyamaza kwa heshima. Leo asubuhi mmenifuata watatu kuuliza ni methali ya wapi, kwa kuwa hamjapata kuisikia kwa babu zenu wala kwa walimu wenu. Hamjakosea. Si ya hapa. Nimeitoa mbali, na nitawaeleza ilikotoka, kwa sababu mmeuliza vizuri na kwa sababu inawahusu ninyi kuliko mnavyodhani.

Ilizaliwa namna hii.

Katika visiwa vya Ufilipino, upande wa kaskazini, kuna manispaa iitwayo San Eulohio. Msisikie manispaa mkafikiri maghorofa. Kwao manispaa ni mji mdogo wenye kanisa moja, soko la siku mbili kwa wiki, ofisi ya meya yenye paa la bati, na vijiji tisa vilivyotawanyika kuuzunguka. Nilipelekwa kule na serikali kusomea umwagiliaji, nikapangishwa miezi minane katika nyumba ya mwanamke aliyeitwa Rosenda. Mkasa huu ulimpata mama yake, miaka mingi kabla sijafika. Nilisimuliwa na Rosenda, nikasimuliwa na jirani yake, nikasimuliwa na mzee aliyekuwa karani wa ushirika wao wa maji. Kila mmoja alisimulia kwa wakati wake, nami nikalinganisha. Wanakubaliana katika kila jambo isipokuwa habari ya mkate wa mchele, nayo nitaisema tukiifikia.

Mvua za kule hunyesha kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha hukatika. Anayetaka mpunga wa pili lazima apate maji ya mto. Kwa hiyo kila Novemba, mafuriko yakishapungua, wanachama wa ushirika hujenga banio upya. Hawatumii saruji. Hupigilia nguzo za mianzi mtoni, hushindilia matawi, mabua ya mpunga na mawe, mpaka maji ya mto yainuke na kuingia mferejini. Mafuriko ya mwaka unaofuata hulibeba banio lote, nao hujenga tena. Ujira wa kazi hiyo ni ardhi: anayebeba mawe hupewa jaruba, asiyebeba hana. Mfereji wao una kilomita tano. Huanzia banioni, hupita uwanda mpana, na kuishia katika bonde dogo wanaloliita mkiani.

Walikuwa na sheria nyingi, ila mbili zinatosha kwa leo. Ya kwanza: jaruba ambalo halijapandwa kufikia sikukuu ya Mtakatifu Sebastiano, Januari ishirini, hurudi kwa ushirika na kupewa mtu mwingine. Ya pili: wanachama wawili wakikubaliana mbele ya mkutano, wanaweza kubadilishana majaruba kwa msimu mmoja. Zishikeni.

Mgawa maji alichaguliwa kila mwaka. Hakulipwa chochote, lakini alipewa jaruba la cheo, lile la kwanza kabisa chini ya banio. Sababu yake ilionekana njema. Awe karibu na banio, walisema, alilinde.

Wakati wa mkasa huu mgawa maji alikuwa Polikarpo Ragudo, mwaka wake wa tisa mfululizo. Naomba mlielewe hili mapema: Polikarpo hakuwa mwizi. Angekuwa mwizi hadithi hii ingekuwa fupi, na isingezaa methali yoyote. Alikuwa mtu mwaminifu na mwenye vipimo. Kila alfajiri alitumbukiza ufito wa mwanzi wenye alama kwenye mlango mkuu wa mfereji, akaandika kina cha maji katika daftari. Macho yake yalikuwa yamepasuliwa, na daktari alimkataza jua. Kwa hiyo alitembea na mwavuli mkubwa mweusi. Wakulima wengine wote walivaa kofia za majani. Katika uwanda ule, mwavuli wa Polikarpo ulionekana kutoka mbali kama kunguru juu ya shuka nyeupe.

Mama yake Rosenda aliitwa Eustakia Dumlao. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, na jaruba lake lilikuwa la mwisho kabisa, mkiani. Yeye na marehemu mumewe walibeba mawe ya banio miaka ishirini na miwili kulipata. Hakuwa na jingine.

Mwaka huo alisia mbegu kitaluni tarehe kumi Desemba, akawa anainywesha miche kwa ndoo kutoka kisimani. Kitalu unaweza kukinywesha kwa ndoo. Jaruba huwezi. Kufikia Krismasi udongo wa jaruba lake ulikuwa umepasuka nyufa za kuingiza kiganja. Akaenda kwa Polikarpo.

“Manong,” alimwambia, na manong kwao ni kaka mkubwa, “leo siku ya kumi maji hayajafika kwangu.”

Polikarpo akafungua daftari. “Yametoka banioni saa kumi na mbili asubuhi, kina cha shubiri mbili. Jana shubiri mbili. Juzi shubiri mbili na vidole vitatu.”

“Sikuulizi yametoka saa ngapi. Nakuambia hayajafika.”

“Yakishatoka, ading, yataenda wapi kama si kufika?” Ading ni mdogo wangu.

“Hilo ndilo ninalokuuliza wewe.”

Akaahidi kuja kukagua kesho yake, na alikuwa mtu wa ahadi. Asubuhi akafungua mwavuli wake, akaufuata mfereji taratibu kutoka banioni, akisimama kila penye mlango wa jaruba kusalimia na kuandika. Alifika mkiani karibu na saa sita mchana. Maji yalikuwa yametangulia kufika, yanaingia kwa Eustakia yakitoa povu.

“Haya ni nini?” Polikarpo akauliza.

“Ni maji.”

“Basi.”

“Hayakuwepo alfajiri, manong. Yamekuja sasa hivi.”

“Ading, maji hayakai mahali pamoja. Kazi yake ni kuja.”

Eustakia akamkaribisha kibandani, akampa mkate wa mchele uliofungwa kwa jani la mgomba, kwa sababu mgeni ni mgeni hata kama umemkasirikia. Polikarpo akala, akashukuru, akatoka hadi barabara kuu, akapanda bajaji kurudi kwake. Kabla ya saa tisa mfereji wa mkiani ulikuwa matope. Kesho yake ulikuwa vumbi. Maji ya saa chache hayatoshi kulainisha jaruba likapandika.

Akarudi kushitaki. Polikarpo akaja tena na mwavuli, na maji yakaja pamoja naye. Akala mkate, akaandika katika daftari: *Mkiani maji yanafika.* Akaondoka, na maji yakaondoka. Mara ya tatu ikawa vilevile. Hapo ndipo wasimulizi wangu wanapotofautiana. Rosenda na jirani wanasema mama alimpa mkate hata siku ile ya tatu. Karani anasema aliufungua mbele yake, akawatupia bata. Sikuweza kuthibitisha, kwa hiyo naacha yote mawili.

Jambo wanalokubaliana ni kwamba sifa ya Eustakia ilianza kuharibika. Watu walisema ujane umemfanya msumbufu. Padri alimshauri kusali. Mke wa meya alimpelekea chupa ya mafuta ya kuchua kichwa. Na miche kitaluni ilikuwa imetimiza siku ishirini na mbili. Miche ya mpunga haingoji mtu apate subira. Ikipita siku thelathini inakomaa palepale kitaluni, na ukiihamisha baadaye unahamisha nyasi.

Mara ya nne Polikarpo alipokuja, Eustakia hakungoja kibandani. Alikwenda alfajiri mpaka juu, akamwacha apite, kisha akamfuata kwa mbali, kiasi cha hatua mia tano.

Aliona jambo ambalo lilimfanya aketi chini.

Mbele ya mwavuli, kila mkulima aliyeuona aliinama, akachukua bonge la tope, akaziba mlango wa jaruba lake, akasimama wima mikono imesafishwa. Polikarpo akafika, akasalimiwa, akapita. Maji yote yakawa mferejini, yanateremka naye. Na milango ilikaa imezibwa muda wote mwavuli ulipoonekana uwandani. Ulipozama bondeni mkiani tu, kila mmoja akalitoa bonge lake la tope. Tena walichimba mlango mpana kuliko wa mwanzo, ili kufidia muda waliopoteza. Milango ilikuwa thelathini na minne. Kwa hiyo kila aliposhitaki alikaguliwa, na kila alipokaguliwa alizidi kukauka.

Akamwendea Teofilo, mkulima wa katikati ya mfereji, mtu mcheshi asiyekosa neno.

“Teofilo, kwa nini umeziba?”

“Apo alikuwa anapita, Manang.” Apo humaanisha mheshimiwa, na manang ni dada mkubwa.

“Alikukataza kumwagilia?”

“Hata! Lakini nimwache mzee wa watu apite mimi jaruba langu linagugumia tu? Ni kama kula mbele ya mgeni bila kumwambia karibu. Mama yangu alinilea, Manang.”

“Na mimi maji yangu?”

Teofilo akakuna kichwa. “Tukiziba tunaziba kwa heshima. Tukizibua tunazibua kwa shida. Hakuna anayekuchukia.”

Hivi ndivyo walivyokuwa watu wa San Eulohio. Nilikaa nao miezi minane, na sikuona mtu akipiga mswaki barabarani mzee anapopita. Adabu yao haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa ya kweli, na ilikuwa inamuua mpunga wa Eustakia.

Akamfuata Polikarpo, akamweleza alichokiona, neno kwa neno. Polikarpo hakukasirika. Alisema jambo zito kama hilo linahitaji shahidi, wakaenda pamoja kwa Teofilo. Mwavuli ulikuwa wazi, kwa hiyo Teofilo alikuwa ameshaziba.

“Teofilo,” Polikarpo akasema, “inasemekana mnachukua maji yote nikishapita.”

Teofilo akatazama maji yaliyojaa mferejini. “Maji yapo, Apo. Kama unavyoona.”

“Nashukuru,” Polikarpo akasema, akaandika.

Eustakia alingoja mwavuli uende mbali.

“Mbona umenikana?”

“Sijakukana, Manang. Nimesema maji yapo. Hayakuwepo?”

“Ulikuwa umeziba!”

“Sasa ulitaka nimwambie usoni kwamba miaka tisa anakagua adabu zetu? Aibu hiyo ataipeleka wapi? Mwambie wewe.”

“Nimemwambia mimi!”

“Hakukuamini wewe uliye mkweli,” Teofilo akasema kwa upole, “ndiyo aniamini mimi?”

Rosenda aliniambia kwamba siku ile mama yake alirudi nyumbani, akafua nguo zote za nyumba, zikiwemo zilizokuwa safi.

Mkutano wa ushirika ulikaa tarehe sita Januari, sikukuu ya Wafalme, katika ukumbi ulio ubavuni mwa kanisa. Zilibaki siku kumi na nne. Zamu ya malalamiko ilipofika, Eustakia alisimama, na watu wakaanza kutazama dari. Walijua wimbo wake.

“Sina malalamiko,” akasema.

Watu wakashusha macho.

“Manong Polikarpo, daftari lako linasema maji yanafika mkiani?”

“Linasema. Nimeyaona mara nne kwa macho yangu.”

“Kwa hiyo jaruba langu na jaruba lako la cheo yanapata maji sawa.”

“Ndiyo maana ya kugawa, ading.”

“Basi tubadilishane msimu huu. Sheria inaruhusu. Wewe hupotezi kitu. Au unapoteza?”

Karani, aliyekuwa na huruma, akainua kalamu. “Manang, angalia. Ukibadilishana, la mkiani litakuwa mikononi mwake, lakini jina litabaki lako. Asipopanda hadi sikukuu, linarudi kwa ushirika. Na msimu ukiisha, la juu linarudi kwa cheo. Utabaki mikono mitupu.”

“Nikibaki nalo mwenyewe litarudi pia,” Eustakia akasema. “Angalau yeye akishindwa, itaandikwa katika daftari.”

Polikarpo alikuwa mtu wa mantiki, na mantiki ilikuwa imemfungia mlango. Kukataa kungekuwa kukiri kwamba majaruba yale si sawa, na yeye aliamini kwa dhati kwamba ni sawa.

“Nakubali,” akasema. “Andika.”

Tarehe nane Polikarpo alihamia kibanda cha mkiani na godoro, daftari na mwavuli. Banio alimwachia karani alipime. Eustakia akapeleka nusu ya miche yake juu, akapanda jaruba la cheo kwa siku moja na nusu. Maji yalikuwa hadi kwenye vifundo vya miguu. Nusu ya pili ya miche alimwachia Polikarpo, ikiwa na umri wa siku ishirini na tisa. Msiniulize kama alicheka. Hakucheka. Nusu ile isipopandwa, jaruba lake lingepotea.

Siku ya kwanza maji yalikuwepo mkiani, kwa sababu watu walimwona Polikarpo akishuka. Alfajiri ya pili hayakuwepo. Akachukua mwavuli, akapanda na mfereji kwenda kuona kuna nini. Njia nzima mfereji umejaa, milango imezibwa, watu wanasalimia. Banioni karani akamwonyesha kipimo: shubiri mbili. Akashuka. Mkiani maji yanaingia kwa povu. Akaridhika, akalala. Alfajiri ya tatu, vumbi.

Akapanda tena. Mfereji umejaa. Akashuka tena. Maji yapo. Alfajiri ya nne, vumbi.

Jirani yake Rosenda, aliyekuwa na jaruba la pili kutoka mwisho, alimsikia akizungumza peke yake: “Yametoka. Nimeyaona yakitoka. Nimeyaona yakipita. Nimeyaona yakifika.” Kisha akalipiga teke daftari, mtu ambaye hakuwa amepata kupiga teke hata mbwa. Miche kitaluni ilikuwa imeanza kuwa ya manjano kwenye ncha.

Asubuhi ya tano, saa mbili, Eustakia alikuja kumwona. Alimkuta ameketi juu ya tuta, miguu ndani ya jaruba kavu, uso umevimba kwa kukosa usingizi.

“Leo hakuna mkate?” Polikarpo akauliza.

“Mkate ni wa wageni. Wewe sasa ni mwenye shamba.”

Polikarpo akatazama nyufa. “Ading, sielewi. Nikienda kuyatafuta, nayakuta. Nikirudi, nayo yanarudi. Nikikaa, yanapotea. Nimekosea wapi kupima?”

“Hujakosea kupima. Nipe mwavuli wako.”

“Wa nini?”

“Nipe. Na wewe usiondoke hapo. Usisimame. Tazama miguu yako tu.”

Akampa. Eustakia aliufungua, akaushusha mpaka ukafunika kichwa na mabega, akajifunga kitenge chake kiunoni kama suruali ya mwanamume, akaanza kupanda na mfereji kwa mwendo wa taratibu wa mzee mwenye macho mabovu. Hakusimama penye mlango wowote. Aliyemsalimia kwa mbali aliitikiwa kwa kuinuliwa mkono.

Polikarpo akatoa saa yake ya mfukoni, akaiweka kwenye goti. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alikuwa mkiani na mwavuli wake hauko naye. Saa tatu, hakuna kitu. Saa nne, hakuna kitu. Saa tano kasoro dakika kumi udongo wa mferejini ukabadilika rangi. Saa tano na robo ulimi wa maji ukaingia jarubani, ukajaza ufa mmoja, ukajaza wa pili, ukagusa kisigino chake.

Hakuinuka. Aliketi hivyo mpaka maji yakafika kwenye kifundo.

Eustakia alirudi alasiri kwa bajaji, mwavuli umekunjwa kwapani.

“Yamefika?” akauliza.

“Saa tano na robo.”

“Umeona nani aliyeyaleta?”

Polikarpo akatazama mwavuli. “Miaka tisa,” akasema. “Miaka tisa nimeandika *yanafika*.”

“Na kila mara ulikuwa sahihi,” Eustakia akasema. “Hilo ndilo lililokuwa linanichosha.”

Siku iliyofuata Polikarpo aliitisha mkutano. Hakumtaja mtu wala kumlaumu mtu. Alisoma katika daftari siku zake tano za mkiani, saa kwa saa, kisha akasoma safari ya mwavuli. Watu waliinamisha vichwa. Ilikuwa aibu kubwa, na kwa kuwa ilikuwa ya wote, ilibebeka.

Teofilo ndiye aliyesema kwanza. “Apo, dawa ni rahisi. Tuutundike mwavuli kwenye mti wa mnazi kule mkiani, msimu mzima. Wewe kalale.”

Ukumbi ukacheka, na wengine wakaunga mkono kabisa kwamba litolewe azimio. Polikarpo hakucheka.

“Ndege huizoea sanamu ya shambani siku ya tatu,” akasema. “Ninyi mtauzoea mwavuli siku ya pili. Na nisipigiwe kura ya kutembea kila siku vilevile. Mimi ni mgawa maji. Si mvua.”

“Tufanye nini, Apo?”

“Nilipokuwa juu nilihitaji daftari, ufito na macho, na bado sikuona. Mkiani sikuhitaji hata daftari. Nilitazama miguu yangu. Jaruba la cheo lihamishwe. Liwe la mwisho kabisa, mwaka huu na miaka yote, mgawa maji awe nani asiwe nani. Zamu za maji zianzie mkiani kupanda juu. La kwangu likiwa na maji, kila mtu anayo. Likikauka, sitangoja barua.”

Mtu mmoja wa nyuma akauliza ni nani sasa atakayekubali cheo chenye jaruba baya kuliko yote.

“Likiwa baya,” Eustakia akasema, “atakuwa amelifanya baya mwenyewe. Karani, andika kwa ufupi watu wasisahau. Mgawa maji hulima mkiani.”

Karani akaandika hivyo. Nimeuona ukurasa wenyewe. Wino umefifia, lakini unasomeka.

Kwa sheria hiyo mpya majaruba yale mawili yalibadilishwa kabisa, na jaruba la juu likawa la Eustakia, kwa jina lake, hata baada ya msimu. Polikarpo alipanda mkiani tarehe kumi na saba Januari, siku tatu kabla ya sikukuu, kwa miche iliyopitiliza. Alivuna magunia manne tu. Eustakia alivuna kumi na moja. Polikarpo hakunung'unika. Alisema magunia manne ndiyo kipimo sahihi cha mwaka wake wa tisa. Mwaka uliofuata zamu zilikwenda sawasawa, na mkiani akavuna kumi. Karani aliongeza jambo moja ambalo wengine walilisahau: kabla ya sheria ile, waliogombea cheo cha ugawaji maji walikuwa saba kila mwaka. Baada yake aligombea mmoja. Alikuwa Polikarpo.

Mambo ya San Eulohio yaliishia hapo. Sasa tuje kwenye ramani.

Jana, Twalibu, wewe uliye katibu ulinionyesha mgawo wa skimu yetu mpya, na ulijivunia, kwa haki, kwa sababu umechorwa kwa usafi. Kamati ina watu watano. Nilihesabu majaruba matano ya kwanza chini ya banio, karibu na barabara, na majina yake ni ya watu haohao watano. Nilikuuliza sababu. Ulinijibu kwamba ni kwa urahisi wa usimamizi, ili viongozi wawe karibu na banio walilinde. Ulilisema neno kwa neno, Twalibu, na hukuwa umepata kusikia habari za San Eulohio. Wala sikudhani wewe ni mwizi. Kama ningedhani, nisingehangaika.

Nikauliza majaruba matano ya mwisho, kule kwenye magugu, ni ya nani. Hukukumbuka. Mimi ninayakumbuka. La mwisho kabisa ni la mama Anzuruni, aliyebeba mchanga wa mfereji huu kwa kichwa miezi saba.

Mnanitazama. Sijamaliza kuwachosha. Kalamu ya risasi iko pale mezani, na kifutio kiko chini ya daftari. Anza na jina lako, Twalibu, kisha yafuate ya wenzako wanne. Yafute huku juu, uyaandike kule chini, na ya kule uyapandishe. Andika polepole, mistari isipotoke.

Naam. Na pembeni ya ramani, palipobaki nafasi, andika na ile sababu, ili kamati itakayowafuata isije ikaniuliza tena.

Mgawa maji hulima mkiani.